Kikohozi Kabla ya Jina

Watu wa hapa mpakani wakimzungumzia Sista huanza na mikono yake. Wanasema muziki wake ulitetemeka kwa sababu mikono yake ilitetemeka, basi, wamemaliza. Wanasema kwa huruma, kichwa wakikilaza upande, na wengine wamefikia kumtaja kama mtu aliyekwisha kufa, ilhali yuko hai, kijijini Kisoko, kwa binti yake, na anakula vizuri. Mimi nakataa. Nimekaa naye mbele ya kompyuta kwa miaka, nimeona kila namba aliyoiandika, na nasema mlio ule ulitetemeka kwa sababu yeye aliuamuru utetemeke. Mikono yake haikuombwa ushauri. Isipokuwa mara moja, na nitafika huko.

Naandika haya kwa hofu. Aya hiyo ya kwanza nimeifuta na kuirudisha mpaka nimechoka nayo. Ndivyo nilivyo. Kwenye kompyuta yangu kuna nyimbo ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisikia, na majina yake ni “jaribio”, “jaribio jipya”, “la mwisho”, “la mwisho kabisa”, “la mwisho kweli”. Hakuna aliyenifundisha muziki. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na mtu aliyejifunza hivyo huishi akiogopa kwamba siku moja atatokea mwenye cheti, asimame mlangoni, amuulize nani alimruhusu.

Aliyetokea mlangoni alikuwa Sista.

Nina kibanda Busia, upande wa Uganda, karibu na geti la forodha. Nachaji simu na kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Madereva wa malori ndio wateja wangu wakubwa. Wakikaa kwenye foleni ya kuvuka, wanahitaji kitu cha kusikiliza. Sista alikuwa jirani, muuguzi mstaafu, nyumba yake nyuma ya maegesho ya malori. Alikuja na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na binti yake, akitaka nimwekee nyimbo za ibada. Nikaiweka yake pembeni, na kwenye kioo cha kompyuta yangu ulikuwa umefunguka wimbo niliokuwa nahangaika nao. Akainama, akavaa miwani.

“Huyu ni mgonjwa gani?”

“Wapi, Sista?”

“Huyu hapa. Homa inapanda, inashuka, inapanda tena. Nani anamwangalia?”

“Si mgonjwa, Sista. Ni wimbo.”

“Wimbo gani unaandikwa kwenda chini kama chati?”

Nikamweleza. Ile ni programu ya kupangia muziki, tunaiita traka. Haina mistari ya noti kama kitabu cha kwaya. Noti zimepangwa kutoka juu kwenda chini, na kompyuta inazisoma ikiteremka. Nyuma ya kila ala kuna jedwali dogo. Ukipiga noti moja tu, kompyuta inalipitia jedwali hilo hatua kwa hatua, upesi mno kwa jicho: mstari huu unasema pandisha sauti kidogo, unaofuata unasema punguza nguvu, mwingine unasema geuza umbo la mlio, na wa mwisho unasema rudi mstari fulani huko juu uendelee. Jedwali hilo ndilo linaloufanya mlio mkavu wa kompyuta uwe filimbi, au uzi uliovutwa na kuachiwa, au mtu anayeguna.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, “Nyimbo za ibada ziache. Niwekee hii.”

Nilimwonyesha mwanzo tu. Vijana kadhaa walikuwa wameniomba niwafundishe traka na wote walikwama mahali pamoja, kwenye namba, kwa sababu namba za traka haziishii tisa. Baada ya tisa inakuja A, kisha B, mpaka F. Sista alizitazama akacheka. “A iko, B iko,” alisema, kama anayesoma makundi ya damu. “O imekwenda wapi?” Akaendelea kuandika. Hakuuliza tena.

Mikono yake ilikuwa tayari inatetemeka wakati huo, wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Kinanda asingeweza kukipiga, wala zeze. Lakini traka haijali noti imefikaje. Mtu anaweza kuchukua dakika nzima kukitafuta kitufe, akose, afute, akipate. Ikiisha kuandikwa, imekaa mahali pake. Watu wanafikiri ndiyo sababu aliipenda. Nilifikiri hivyo pia, nikamwambia siku moja, nikidhani namsifu. Alinitazama kama nimeingia wodini na viatu vyenye tope.

“Nimeipenda kwa sababu inaandika kila kitu kinachompata mtu baada ya kuguswa,” alisema. “Wewe umewahi kuona kitabu cha kwaya kinaandika hivyo?”

Kabla ya kugusa kompyuta alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akishamaliza kazi aliifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Sebule yake ilinukia dawa ya kuulia wadudu na chai ya tangawizi. Ukichelewa aliangalia saa ya ukutani, si wewe. Lakini huyo huyo mwenye usafi wa namna hiyo alihifadhi milio yake ovyo kabisa, hapa na pale, na majina ambayo hakuna mwingine angeweza kuyaelewa: “wa dirishani”, “aliyekataa uji”, “kaka wa yule mrefu”, “Ijumaa ya mvua”. Nilimwomba anikubalie nimpangie vizuri, kwa tarehe. Alikataa.

“Nikitaka aliyekataa uji namtafuta aliyekataa uji. Tarehe itanisaidia nini? Yeye hakukataa tarehe.”

Chai alijimiminia mwenyewe. Alijaza vikombe viwili nusu nusu, ili visimwagike, akanywa kimoja halafu kingine. Mgeni aliyenyoosha mkono kumsaidia alijuta. Rafiki yake mkubwa alikuwa mama anayeuza mukene sokoni, wale dagaa wadogo wakavu ambao ng'ambo, upande wa Kenya, wanawaita omena. Sote tulimwita Mama Mukene. Siku moja Mama Mukene alisahau, akamshikia kikombe.

“Shika chako,” Sista akamwambia.

“Bambi, pole Sista, mimi nasaidia tu.”

“Saidia wale samaki wako. Wana macho lakini hawaoni wateja.”

Mama Mukene akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama ule mkono ukigongana na kikombe nikawaza, kwa aibu, jinsi ambavyo ningeuficha kama ungekuwa wangu. Ningevaa mikono mirefu mwaka mzima.

Yeye hakuficha. Aliimba kanisani kwa sauti kubwa, nje ya ufunguo, safu ya mbele. Mwongoza kwaya alimwomba kwa adabu aimbe kwa sauti ndogo, akamjibu kwamba Mungu amezoea. Huyo huyo, akirudi nyumbani, alikaa na noti moja wiki nzima kwa sababu mwisho wake haukumridhisha. Noti moja! Majirani walinililia mimi, kwa kuwa ndimi niliyemwekea programu. Ilikuwa tii, kimya, tii, kimya, kuanzia asubuhi, na hakuna wimbo.

Hapo ndipo tulipokuwa tofauti kabisa. Mimi huanza na wimbo: sauti tatu, ngoma, besi, kila kitu, halafu naanza kusafisha, na katika kusafisha ndiko ninakofia. Yeye alianza na jedwali. Alichukua mlio mkavu kabisa wa kompyuta, ule unaofanana na saa ya mezani inayomwamsha mtu, akauacha ulie.

“Huyu amefika mapokezi,” alisema. “Hajasema kinachomuuma. Wewe tayari umeshika sindano.”

“Lakini Sista, wimbo uko wapi?”

“Wimbo utakuja. Kwanza nijue anayeimba ni nani.”

Kisha akaanza kumhoji mlio, mstari kwa mstari. Hapa mwanzoni anashtuka, kwa hiyo apande kidogo halafu arudi. Hapa anakaza pumzi, kwa hiyo nguvu isipungue bado. Hapa anaachia. Na huku mwishoni, mahali ambapo mimi ningeandika sauti ishuke taratibu hadi kimya, sawasawa kama maji yanayopungua kwenye pipa, yeye aliandika ipungue, isite, iyumbe juu, iyumbe chini, na isiyumbe kwa kipimo kimoja. Mistari miwili ya kuyumba, kisha mitatu, kisha mmoja. Nilimwambia haiendi sawa na ngoma. Akasema hakualika ngoma.

Kuhusu kuondoka kwake wodini alinisimulia mara moja tu. Alikuwa amembeba mtoto wa mtu, anatafuta mshipa, na mama wa mtoto akamuuliza, “Sista, mikono yako inaogopa mtoto wangu?” Alisimulia akicheka, halafu hakucheka. Baadaye walimpa kazi ya stoo, asionekane na wagonjwa. “Nikawaambia blanketi haziumwi. Nikachukua mwavuli wangu.” Nilimuuliza kama alijuta. Akaniambia nichemshe maji.

Sasa redio.

Kuna kituo kimoja Tororo ambacho karibu kila mtu wa pande hizi anakisikiliza, Uganda na Kenya, kwa kuwa mawimbi ya redio hayapangi foleni forodhani. Wanakisikiliza kwa sababu ya matangazo ya vifo. Saa kumi jioni yanasomwa majina, kwa Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kiswahili: nani amefariki, wa wapi, mazishi lini, na ndugu waliotawanyika wanaitwa kwa majina yao waje. Redio za sokoni zinaongea mchana kutwa na hakuna anayezisikiliza. Lakini kabla ya majina hupigwa mlio, na mlio huo ukipigwa, soko linanyamaza. Zamani ilikuwa ngoma iliyorekodiwa miaka mingi nyuma. Mitambo ilipobadilishwa, rekodi ile ikapotea, na Meneja wa kituo akatafuta mtu wa kutengeneza mlio mpya. Akaelekezwa kwangu.

Nilikubali, nikarudi kibandani, na nikashindwa. Nilitengeneza, nikasafisha, nikafuta. Nilikuwa siwezi kula. Mwishowe nikaenda kwa Sista kumwambia kwamba nitamrudishia Meneja kazi yake. Hakunipa pole. Aliuliza mlio huo ni wa kazi gani hasa. Nikamwambia. Akavua miwani.

“Unajua nilikuwa nafanya nini wodini, mgonjwa akituacha?” alisema. “Ndugu wako nje, kwenye majani. Wanapika, wanaongea. Mimi ndiye natoka kuwaambia. Ukisema neno mara moja, mtu anaanguka, anajigonga. Kwa hiyo nilikuwa nikifika mlangoni nakohoa. Kidogo tu. Wakisikia Sista amekohoa, wanakaa chini. Wakishakaa, ndipo nasema jina.”

Akanawa mikono, akafunua kompyuta, akatafuta mlio aliouita “aliyekataa uji”. Kwa siku chache tu akautengenezea wimbo: noti tano zinazoteremka, basi. Lakini kila noti ilipita kwenye jedwali lile, ikishtuka, ikikaza, ikiyumba. Aliponipigia nilijikuta nimekaa. Sikukumbuka kukaa.

Tulikwenda Tororo pamoja. Meneja alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa. Alisikiliza, akaomba arudie, akakuna shavu.

“Mama, wimbo ni mzuri sana.”

“Mimi ni Sista.”

“Sista. Wimbo ni mzuri. Ila hii sauti inatetemeka. Msikilizaji atadhani mitambo yetu ni mibovu.”

“Si ni mibovu?”

“Hapana, mitambo ni mipya! Ninachosema, huyu binti aisafishe tu kidogo. Tunataka kitu cha kisasa.”

“Kifo cha kisasa kikoje?” Sista akauliza.

Meneja akanitazama mimi, kama watu wanavyomtazama aliyemleta mzee. Na aibu yangu ni hii: moyoni nilikubaliana naye. Si kuhusu mitambo. Ile mistari isiyolingana ilikuwa imenikera tangu mwanzo. Vidole vyangu vilikuwa vinaijua mahali ilipo.

Njiani kurudi nilimwambia Sista wazi. Nilitegemea atanifukuza. Alisema, “Isafishe. Usinifichie. Ukimaliza ulete tuisikie.”

Nikaisafisha. Nilifanya kazi ambayo sijawahi kufanya nzuri kama hiyo. Jedwali lilinyooka, kuyumba kukawa na kipimo kimoja, kila noti ikaisha pale inapoanza nyingine. Sista aliisikiliza akiwa amefumba macho, mikono mapajani, mkono mmoja ukigonga paja kwa mwendo wake wenyewe.

“Huyu mmempa dawa ya usingizi,” alisema.

“Lakini haina kosa hata moja, Sista.”

“Ndiyo. Haina.” Akafumbua macho. “Mimi sitatangaza kifo cha mtu kwa sauti ambayo haijashtuka. Mwambie kijana wa viatu achukue yangu kama ilivyo, au atafute nyingine.”

Nilimwambia. Akatafuta nyingine. Akachukua muziki uliokuja ndani ya kinanda cha studio, wenye ngoma laini na kengele, muziki ambao ungeweza kuuza sabuni ya kufulia au kumpongeza mtu aliyefaulu mtihani.

Sista hakulalamika. Aliufunika muziki wake kwa kitambaa chake cheupe. Lakini kila saa kumi aliwasha redio, akausikiliza mlio wa kinanda mpaka mwisho, akaizima kabla ya majina. Kwa mtu aliyekuwa akisikiliza majina yote maisha yake yote, ule ulikuwa mgomo.

Wakati huo huo mikono ilizidi. Binti yake akaja kutoka Kisoko, wakabishana kwa siku mbili sebuleni, na Sista akashindwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikwenda na kompyuta yake magotini. Hakutaka iwekwe na mizigo.

Kisha yakatokea ya Mama Mukene. Kaka wa mama yake alifariki Molo, ile ya huku Tororo, si ya Kenya. Ndugu walijua yuko Busia lakini simu yake ilikuwa imeibwa, kwa hiyo wakafanya kama watu wanavyofanya: wakapeleka jina redioni, na jina lake yeye kati ya wanaoitwa. Siku hiyo alikuwa sokoni, redio iko juu ya meza yake, sauti imejaa. Mlio wa kinanda ukapigwa. Yeye akaendelea kubishana na mteja. Soko zima likaendelea. Mjomba alisomwa, na yeye mwenyewe alisomwa, kwa jina na jina la baba yake, na hakusikia. Alikuja kuambiwa mazishi yalipokwisha. Hapa kwetu ukikosa harusi utasamehewa mwezi huo huo. Mazishi ya mjomba utaulizwa mpaka wajukuu wako wazeeke.

Alikuja kibandani kwangu bado na kikopo cha kupimia samaki mkononi.

“Wewe si ndiye unajua mambo ya redio? Redio inapiga sabuni, mimi najua ni sabuni! Wanazika mjomba yangu na mimi nakata bei ya mukene! Nitasema nini Molo? Nitasema nini?”

“Pole, mama.”

“Usinipe pole. Ule wa Sista uko wapi? Ule nilisikia kwake, nilikaa chini na sufuria mkononi. Uko wapi?”

“Meneja alikataa, mama. Alisema unatetemeka.”

“Anatetemeka nani? Atatetemeka yeye! Mimi nakwenda Tororo leo leo.”

Alikwenda. Hakwenda peke yake. Kumbe hakuwa yeye tu aliyepitwa na jina. Wauza nyanya walikuwemo, na mama mmoja kutoka Masafu aliyepitwa na mazishi ya shemeji. Sijui walimwambia Meneja nini. Najua kwamba kesho yake aliponipigia simu aliniita “dada” na akaniomba ule mlio wa Sista, kama ulivyo, kabla ya saa kumi.

Mimi nilikuwa na nakala. Ningeweza kuituma nikiwa nimekaa kibandani. Lakini haukuwa wangu wa kutuma, kwa hiyo nikafunga kibanda, nikachukua boda mpaka Kisoko.

Nilimkuta uani, kwenye kiti chenye mito, amekonda, mikono yote miwili sasa ikienda bila kupumzika. Binti yake alikuwa kando amesimama, anapepeta ulezi kwa ungo. Nikaeleza. Nilidhani Sista atafurahi, au atasema nilikuambia.

“Niletee kompyuta,” alisema. “Na maji ya kunawa.”

“Sista, Meneja anausubiri kama ulivyo.”

“Kama ulivyo ni wa zamani. Ule niliutengeneza mikono yangu ikiwa bado michanga. Sasa najua zaidi.”

Binti yake akamnawisha, na hapo nikaona jambo lililonichoma: Sista alimruhusu. Tukaiweka kompyuta juu ya stuli. Akafungua jedwali. Alitaka kubadilisha namba moja tu karibu na mwisho, kuyumba kuwe kwa kina zaidi. Mkono ulikwenda, ukarudi, ukaenda. Sikumsaidia, nilikuwa nimejifunza. Kisha ukaanguka. Vidole viwili viligonga kwa pamoja, na namba ikaingia kwenye mstari ambao hakuutaka, mstari wa mwisho kabisa, ule unaoiambia kompyuta irudi wapi. Sasa ulisema irudi mahali pengine, huko juu karibu na mwanzo.

Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta.

“Ondoa mkono,” alisema Sista.

“Namba imeingia kwingine, Sista. Ni kosa.”

“Sikukuuliza jina lake. Piga.”

Nikapiga. Noti ya kwanza ikashtuka, ikakaza, ikayumba, ikafifia kama tulivyoizoea. Halafu, pale ilipopaswa kumalizikia, ikajishika. Ikaanza upya kwa mbali, kidogo sana, bila nguvu, kama mtu aliyesimama mlangoni na hajui atasemaje. Kisha ikanyamaza. Noti zote tano zilifanya hivyo.

Nilimtazama Sista nikisubiri hukumu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosa hukumu.

“Sijui,” alisema.

“Hujui nini?”

“Sijui kama ni nzuri. Masikio yangu yamechoka. Wewe unasikiaje?”

Ilikuwa karibu saa kumi kasorobo. Nilikuwa na nakala ya zamani, aliyoikamilisha mwenyewe, isiyo na ajali yoyote. Nilikuwa na kitufe cha kufuta. Nilikuwa na kila ninachohitaji kuwa salama. Niliipiga tena, mara moja tu, na nataka ijulikane kwamba kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kutoipiga mara ya tatu.

“Inakohoa,” nikasema.

Alikuwa ameacha kuitazama kompyuta, ananitazama mimi.

Nikaihifadhi. Nikaihamishia kwenye simu, nikaituma Tororo bila kuisikiliza tena. Meneja akajibu papo hapo: hili ndilo toleo la mwisho? Nikaandika: ndilo, usiliguse. Nikaweka simu chini, kifudifudi. Kwa hiyo wanaosema ni mikono ndiyo iliyotengeneza mlio ule, nawajibu hivi: hata mara hiyo moja mikono ilipendekeza tu. Tulioamua ni sisi wawili.

Binti wa Sista alikuwa amewasha redio ndogo iliyotundikwa kwenye nguzo ya jiko. Yeye hakuwa amefuata mambo yetu hata kidogo. Alikuwa na ulezi wake, na mawazo yake, na kuku waliokuwa wanamsumbua miguuni. Redio ilikuwa inaongea juu ya bei ya mbolea. Tangazo la rangi za nyumba. Kimya kifupi.

Noti ya kwanza ikaingia uani. Ikashtuka, ikakaza, ikayumba, ikajishika mlangoni.

Ungo ukasimama hewani. Binti akaugeukia ukuta wa jiko, kisha, polepole, bila kutafuta kigoda, akajishusha chini, miguu pamoja, ungo mapajani, ulezi hata haukumwagika. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kuku wakaula ulezi humo ungoni na hakuwafukuza.

Sista alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Mikono yake iligonga mito ya kiti, kila mmoja na mwendo wake.

“Amekaa,” alisema.

Kisha sauti ya redio ikasoma jina la kwanza.